Kichupa Namba Arobaini na Moja

Hapa maabara ya Košice hatuandiki majina.
Kila kichupa kina namba, tarehe,
na wino usiotishwa na baridi.
Nyuzi themanini chini ya sifuri
hata homa hulala fofofo.

Namba arobaini na moja: maji ya uti wa mgongo,
maangavu kama mvua iliyotulia pipani.
Mwanamume, miaka hamsini na saba, mfugaji.
Homa ya wiki moja. Nafuu ya siku nne.
Kisha homa ya pili, inayoijua njia.

Ndiyo desturi ya kirusi hiki, hubisha hodi mara mbili.
Ya kwanza watu huiita mafua,
hunywa chai ya mnanaa na asali, hurudi zizini,
humcheka aliyetaja daktari.
Ya pili haipitii mlangoni.
Kati ya damu na ubongo upo ukuta,
ukuta tuliofundishwa chuoni kuusifu;
kirusi huupenya, na kwa ufunguo gani
Profesa Hradiská hunijibu bila kuinua macho:
"Andika *hatujui*. Neno hilo halina aibu."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Ila hiki hakikuwa nguoni.
Kupe alimuuma mbuzi,
mbuzi akakamuliwa, maziwa yakawa jibini,
jibini likakatwa juu ya mkate wa Jumapili
katika kijiji kimoja juu ya Rožňava,
na mezani tulikuwa sita.

Nimesema *tulikuwa*.

Sikupaswa kujua. Namba ipo ili nisijue.
Lakini ni wafugaji wangapi wa umri ule
waliolazwa Mei ishirini na tatu,
usiku niliomshikia mjomba Vendelín beseni
naye akiniita kwa jina la mama yangu?
Mimi nilikula vipande vitatu.
Mimi nimechanjwa; kazi hii inadai,
sindano tatu, na taasisi hulipa.
Miaka sita nimekwenda kwake kila Pasaka
na sikuwahi kumwambia: mjomba, nawe uchanjwe.
Tulizungumzia nyasi. Tulizungumzia bei ya nyasi.

Chini ya darubini, vipande vya ubongo wa panya,
vyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Seli zilizoambukizwa tumezitia rangi ya kijani
nazo zinawaka, nzuri kupita kiasi.
Kirusi hupenda shingoni, pembe ya mbele ya uti,
zinakotoka amri za mkono.
*Pembe*, ndivyo walivyoiita waliopasua maiti wa kwanza,
nami siwezi tena kulisoma neno hilo
bila kusikia kengele.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi.
Pembeni mwa kijani nimehesabu seli zilizokufa
ambazo kirusi hakikuzigusa.
Wazima moto wa mwili wenyewe
walivunja nyumba ambayo haikuwa inaungua.
Nimehesabu tena. Nimempa Bohuš ahesabu.
Ni vilevile.

Mkono wa kulia wa mjomba unaning'inia
kama mkono wa koti lisilo na mtu.
Shangazi Apolónia sasa huchemsha maziwa,
husimama juu ya sufuria mpaka yapande,
naye mjomba hulitema jibini lake: halina ladha ya mlima.
Anakamua kwa mkono wa kushoto, vibaya.
Mbuzi wote kumi na tisa anawaita *wewe*.

Jumatatu niliyeyusha namba arobaini na moja,
nikachukua tone nililoruhusiwa,
nikalirudisha lililobaki kwenye giza lake.
Katika daftari, safu ya maoni, niliandika:
*Mweupe mwenye pembe iliyovunjika anaitwa Beluša.*
Kisha nikakata, mstari mmoja tu,
kama kanuni inavyotaka,
ili kilichofutwa kiendelee kusomeka.