Transfoma Isiyo na Jina

Tuliinunua kwa kilo, kwa wauza vyuma wa Katuba,
ndani ya gunia moja na pistoni na kufuli zisizo na funguo.
Karatasi ya ubavuni ililiwa na mende.
Ilibaki gundi, na alama ya kidole cha mtu
aliyeijua kabla yetu.

Waya saba:
nyeusi mbili, kijani mbili nene kama kamba ya kiatu,
nyekundu mbili, na ya manjano katikati yao
kama mtoto anayevushwa barabara.

Yaya Kamona akavua bangili.
"Kwanza tuiulize ikiwa imelala."
Tukaandika nyuma ya bili ya maji:
kijani, sehemu ndogo ya omu, karibu si kitu;
nyeusi, kumi na nane;
nyekundu kwa nyekundu, mia na hamsini na tano,
manjano ikiikata karibu nusu kwa nusu.
Kati ya ukoo na ukoo, kimya.
Kati ya waya na chuma, kimya. Vizuri.

Mimi nilikuwa nimeshajua,
kama wanavyojua wenye miaka kumi na sita:
"Omu nyingi ndiyo upande wa ukutani.
Fundi wa simu pale kona ameniambia."
Na nyekundu zote mbili vidoleni, naitazama soketi.

Hakunigombeza.
"Huyo wa kona anajua chaja.
Hii imetoka kwenye redio ya vali. Weka chini."

Akaleta transfoma ya kengele ya mlango, volti sita tu,
akazipa nyeusi.
Ncha nyingine zimekaa mbalimbali, kila moja na kofia ya utepe;
anavua moja, anapima, anaivisha.
Mkono wa kushoto mfukoni mwa aproni, muda wote.
Kijani: sifuri nukta moja saba.
Nyekundu kwa manjano: nane nukta mbili.
Nyekundu ya pili: vilevile.
"Sita ikiwa mia mbili na ishirini, basi zidisha kwa thelathini na saba."

Nilizidisha. Nilifuta kwa mate, nikazidisha tena.
Kijani, sita na kidogo.
Nyekundu, mia tatu kila upande.
Ncha kwa ncha, mia sita.

Nikavitazama vidole vyangu.

Umeme ulirudi saa tano usiku, mtaa mzima ukapiga kelele.
Akaipitisha kwenye fyuzi, kisha kwenye glopu ya wati sitini.
Glopu ikafumbua jicho, ikafumba.
"Ikilala hiyo," alisema, "ndipo wewe usilale."

Shaba hii labda ilichimbwa hapahapa,
ikapanda treni, ikavuka maji,
ikarudi nyembamba kama unywele, haina la kusema.
Niliiandikia ubavu kwa rangi yake ya kucha:
220. 6. 300, 0, 300.
Chini yake Kamona akaongeza kwa mwandiko wake uliolala:
usiguse, hata kama umesoma.