Unene wa Ukucha

Barua ilisema: nafasi ni moja.
Miaka mitatu na nusu, ada imelipwa,
posho kila mwisho wa mwezi
na fungu dogo la safari na vifaa.
Mada ya uzamivu: mashapo ya pangoni, na tabianchi
ya zama ambazo hakuna aliyejua kuandika jina lake.

Mama aliisoma amesimama, miwani puani,
unga wa mahindi ukimkauka vidoleni.
"Yaani watakulipa kwa kuchimba udongo?
Babu yako Varlam alichimba hapa hapa Chiatura
miaka thelathini na mmoja. Manganizi
ikamwingia mpaka kwenye makohozi.
Wakampa saa ya ukutani."

Saa yenyewe ipo. Iligoma saa nne na robo.
Nilisogeza bakuli la maharage, nikasaini chini yake.

*

Pango liko juu ya mto Kvirila,
mlango wake mdogo kuliko wa zizi.
Unaingia kwa magoti, kama mwenye kuomba radhi.
Daktari Besarion si msemaji. Hufagia
ukuta wa shimo kwa brashi ya rangi, hurudi nyuma,
hufumba jicho moja, kisha: "Hapa."
Hapo ndipo ninapopigilia kisanduku cha bati,
nyundo ikigonga taratibu,
mpaka udongo ujae bila kuamka.
Juu yake naandika kwa wino: JUU. KASKAZINI.
Udongo ukipinduliwa
hudanganya kama mtu mwingine yeyote.

Kutaisi, maabara. Tunaunywesha resini.
Wiki sita hadi ukauke. Ndipo msumeno,
ndipo kusaga, kusaga, mpaka jiwe
liwe jembamba kuliko unywele
na mwanga upite.
Hakuna aliyenidokeza kwamba ufadhili,
kwa sehemu kubwa, hununua kungoja.

*

Chini ya hadubini, kutoka chini kwenda juu:
majivu. Mkaa wa mwaloni. Ganda la kokwa lililobabuka.
Mfupa mdogo, labda wa samaki,
mtu alikula akautupia motoni.
Majivu tena, yamekanyagwa,
nyayo juu ya nyayo juu ya nyayo.

Halafu hakuna.
Mfinyanzi wa kijivu. Vipande vya chokaa vyenye kona kali,
vimepasuliwa na barafu, vimedondoka kutoka darini
palipokuwa hapana mtu wa kushtuka.
Unene wa ukucha.
Nilihesabu mara tatu, nikijifanya nakagua lenzi.

*

Jumapili nikampelekea Mama picha, nikamwonyesha:
hapa walikuwapo, hapa baridi ilikuja, hapa wakaondoka.
"Kwa muda gani?"
Mia mbili. Au mia sita.
Maabara ya tarehe bado haijajibu.
Alinitazama kama anayeambiwa bei sokoni.

Dirishani nyaya za vibanda vya angani vimening'inia tu.
Ghorofa la mbele, madirisha tisa, moja lina pazia.
Kaka yangu Malkhazi yuko Poland, bohari la kuku,
hupiga simu akiwa na glavu, ndiyo maana
huonekana dari tu, na taa ndefu nyeupe.

Mama akaweka kidole juu ya mstari wa juu, mweusi.
"Lakini walirudi."
Halikuwa swali.

Nilikuwa na jibu la kitaalamu.
Kwamba mkaa wa juu ni wa msonobari.
Kwamba mawe ya juu yamechongwa kwa mkono mwingine.
Kwamba moto ulirudi, naam, moto,
lakini pengine waliouwasha ni wapita njia tu
waliokuta pango tupu wakainama mlangoni
bila kujua kuna wa kuombwa radhi.

Nikasema, "Kuna majivu, Mama."

Akaridhika. Akaenda jikoni,
akarudi na mkate wa mahindi ukiwa bado unafuka,
akaukata vipande vitatu.
Tulikuwa wawili.