Kidole Gumba

Tuliondoka Kurunegala kabla ya kunguru kuamka:
baba mbele, fimbo mapajani,
mama nyuma na sinia la wali wa tui
uliokatwa vipande kama sabuni,
na mimi katikati ya mifuko, miaka arobaini na miwili,
bado naambiwa nifunge dirisha.

Jayatissa, dereva, alisimulia njia nzima:
mfalme aliyemuua babaye,
akapanda jiwe la Sigiriya na ikulu yake yote,
na mabwawa, na bustani, na hofu.
Baba alimwacha amalize.
"Saruji tuliipandisha kwa mgongo," akasema.
"Mfuko kwa mfuko. Mfalme hatukumwona."

Kisha jiwe likatokea juu ya miti,
kama mtu aliyesimama mlangoni bila kubisha hodi.

Mama alibaki kwenye handaki la maji,
chini ya kibao kinachoonya kuhusu mamba.
"Nendeni. Magoti yangu hayadai kitu huko."

Tukapanda.
Wale wanawake waliochorwa mwambani,
rangi ya manjano, viuno katika mawingu,
wameshika maua tangu enzi zile na hakuna aliyeyapokea.
Baba aliwapita kama majirani.
Ukutani, ule uliong'arishwa hadi ukawa kioo,
wageni wa zamani waliandika beti zao;
leo ukinyoosha kidole tu, mlinzi anapuliza filimbi.

Kwenye makucha ya simba pana tangazo: nyigu. Nyamazeni.
Tukanyamaza sote,
Wajerumani na kofia zao, wanafunzi na sare nyeupe,
na katika kimya kile baba akainama.

Hapo ndipo nilipojua tulichokuja kutafuta.
Akiwa na miaka kumi na tisa,
msimamizi Edirisinghe alipogeuka kuwasha sigara,
alibonyeza kidole gumba kwenye saruji mbichi.
Ngazi ya saba, au ya tisa, kutoka ukucha wa kulia.
Hakumwambia mtu. Hata mama.

Akapapasa. Akatikisa kichwa. Akapapasa.
Nyuma yetu foleni ikarefuka hadi ukingoni,
na hakuna aliyeweza kulalamika
kwa sababu ya nyigu.

Msichana mmoja wa shule, nywele mikia miwili,
akachuchumaa, akaonyesha kishimo
kwa ncha ya kiatu.
Baba akaingiza kidole. Kiliingia nusu.
Kidole kimenenepa, au mvua imepunguza shimo,
au ni kazi ya tone la maji, si ya mtu.
"Labda," akasema,
kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu.

Kileleni hatukufika.

Dambulla, saa tisa alasiri, viatu tukaviacha getini.
Mwamba ulikuwa kikaango.
Mama, mwenye magoti, ndiye aliyekimbia,
sari mkononi, akicheka, akitukana jua.
Ndani ya pango: baridi, mafuta ya taa, harufu ya popo,
na dari iliyochorwa Mabudha wengi kiasi kwamba
mimi ndiye niliyejiona natazamwa.
Tone lilidondoka ndani ya chungu. Likangoja. Likadondoka.

Budha amelala ubavu, mrefu kama madarasa mawili,
nyayo zake nyekundu.
Mama akaeleza kwa sauti ya kuchagua samaki:
"Vidole vya miguu vikilingana, amepumzika.
Mguu mmoja ukirudi nyuma kidogo, ameshaondoka."
Baba alizitazama nyayo zile muda mrefu.
Halafu akatazama zake, zenye vumbi.
"Zimelingana," akasema. "Bado."

Kurudi, mama alikaa mbele, maana nyuma humtia kichefuchefu.
Baba akasinzia ubavuni mwangu, ndara zimemtoka.
Giza liliingia kabla ya Galewela.
Taa za lori zilipotumulika niliangalia chini:
mguu wa kushoto umerudi nyuma, upana wa kidole.

Nikausogeza kwa mguu wangu,
polepole, hadi ukalingana na mwenzake.

Hakufumbua macho.
"Funga dirisha," akasema.