Deni la Mia Nne

Jumapili, Kibuye, mabati hayajaanza kulia kwa jua,
napita wauza kuku, wauza mitumba, wauza vyuma,
hadi kwa Odindo, ambaye hapangi bidhaa: anazimwaga.
Juu ya turubai lake: pasi ya makaa, breki ya baiskeli,
kiatu kimoja cha mpira,
na santuri, zimelaliana kama chapati za jana.

Wengine huziinua kwenye mwanga wakague mikwaruzo.
Mimi nanusa.
Ya moshi ilikaa jikoni.
Ya samli ilifunika chungu.
Yenye harufu ya dawa ya nondo ilipendwa,
ikafichwa sandukuni na vitenge, isichezwe na watoto.

Za kampuni kubwa siziokoti.
Zina wenyewe, zina picha za rangi, zina mawakili.
Natafuta za watu waliochanga:
bendi za Nyalenda, za Luanda, za Mumias,
nakala mia tatu, kibandiko cha mhuri wa mkono,
jina la mpiga besi limekosewa
likasahihishwa kwa kalamu, mara mia tatu.

Siku hiyo nikaibuka na moja ya kibandiko cha kijani.
Mafundi Watano, mwaka tisini na mbili.
Nikauliza bei. Odindo akatazama miguu yangu.
"Hamsini."
Nilikuwa nimevaa ndara. Ningevaa buti, ingekuwa mia mbili.

Umeme ulirudi Manyatta saa tatu usiku.
Sindano ikashuka.
Kwanza mchakarisho, kana kwamba jirani anakaanga omena,
kisha gitaa likauliza,
na gitaa la pili halikujibu, lilicheka tu,
na mtu akakwangua chupa ya soda kwa kijiko
kwa bidii ya anayesugua sufuria iliyoungua.
Ubeti wa tatu, mwimbaji anakohoa.
Hawakurudia. Kurudia ni pesa.

Wimbo ulipokwisha, sindano ikizunguka pasipo na neno,
nikaona karibu na kibandiko
maandishi ya msumari, membamba kama miguu ya siafu:
KWA DOLFINA, AHERO. DENI LIMEKWISHA.

Wiki tatu nilitembea na jina hilo kinywani.

Nilimkuta Ahero, nyuma ya kinu, akipepeta mchele.
Hakuacha kupepeta.
"Nilikuwa na cherehani mbili," alisema. "Niliuza moja
wapate kurekodi. Santuri? Sikupewa hata kipande."
Nikafungua kisanduku changu cha betri, nikaiweka juu ya gunia.

Ungo ukatulia.
Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga,
si kucheza: kukanyaga,
kana kwamba chini ya meza kuna chuma bado
na sare za shule zinangoja hadi kesho.
Kikohozi kilipofika akainua kidole, kama anayeitikia mlango.
"Wekhomo," alisema. "Kifua chake hicho."

Kisha akaomba miwani, asome yale ya msumari.
Alisoma polepole. Akasoma tena.
Akacheka hadi pumba zikaruka.
"Limekwisha? Mwongo huyu! Alibakisha mia nne!"
Yuko wapi sasa?
"Yuko Kimilili, chini ya migomba, mwaka wa kumi na tisa huu.
Na bado anadanganya.
Mara mia tatu anadanganya."

Sijui mkono wangu ulifikaje mfukoni.
Alizihesabu noti nne kama kumi,
akaziinua juani moja moja,
akachana karatasi kwenye daftari la mchele.

Mtu wa Nairobi amenipa elfu nane kwa santuri hiyo.
Aliitoa jaladani, karatasi ikaanguka,
akainama kuiokota, akaisoma akiwa ameinama hivyo hivyo,
akairudisha mahali pake, na pesa zake akazirudisha zake:

*Nimepokea kutoka kwa marehemu Wekhomo
shilingi mia nne taslimu.
Usikope tena.
Dolfina.*