Wateja Hewa

Kazi yangu, ukiuliza, ni kuzaa watu usiku,
ghorofa ya nne, Mtaa wa Swahili, feni ikilalamika.
Watumishi hewa hufukuzwa; wateja hewa mimi ndiye ninayewaajiri,
elfu kumi kwa amri moja. Hawali, hawadai nauli,
wanakuja tu kununua umeme wasiouwasha.

Kundi la kwanza lilikuwa na adabu mno.
Kila mmoja alibofya, akangoja sekunde tatu,
akabofya tena, akaondoka bila kinyongo.
Seva ikafaulu mtihani. Injinia Mbonde akatununulia pilau.

Kisha ikaja Ijumaa ya mshahara, na mvua juu yake.
Umeme ukakatika Buguruni mpaka Vingunguti,
ukarudi saa mbili kasoro, mita zikalia kwa pamoja.
Watu wa kweli hawakupanga foleni.
Walikuja kama kumbikumbi kwenye taa.
Aliyecheleweshwa alibofya tena. Na tena.
Akampa mkewe simu ya pili, naye abofye.
Tulianguka kabla ya taarifa ya habari.

Ndipo nikashuka ngazi, nikaenda kumtazama mtu.

Bi Mwamvua Pazi, Tandika, nyuma ya soko:
"Mimi buku mbili, buku mbili. Nikiweka nyingi
watoto wananyoosha pasi mpaka soksi."
Huacha mita ilie kwanza, amalizie tamthilia,
halafu aitafute miwani.
Niliandika yote. Mlio. Tamthilia.
Miwani: dakika nne, siku nyingine saba.
Nikakitengeneza kivuli chake, nikakipa namba, 4017,
na wenzake nikawafundisha kuchoka,
kukosea tarakimu, kususa, kutusi,
kurudi alfajiri kwa kuwa wamekwishajua
kwamba jioni sisi si wa kutegemewa.
Hapo ndipo kazi inaponishinda: kila tunapojirekebisha
nao wanageuka, kwa sababu yetu,
na ninayemwandika leo ni yule wa juzi.

Wiki hii Bi Mwamvua hakuonekana jioni.
Siku tatu. Nikaogopa jambo
ambalo jedwali langu halina safu yake.
Nikapekua kumbukumbu za mfumo. Yupo:
saa kumi na moja kasoro, alfajiri,
elfu ishirini kwa mpigo mmoja,
wala hakungoja mita ilie.

Nikampigia. Nyuma ya sauti yake kitu kilinguruma.
"Friza, mwanangu! Nauza barafu za ukwaju pale shuleni.
Mita ikilia siku hizi, mtaji wangu unatiririka sakafuni."

Nilicheka peke yangu, feni ikinijibu.
Kesho nitamwandika upya, kama ataningoja.
Usiku huu, ndani ya mashine, saa moja na nusu,
namba 4017 amemaliza tamthilia yake
na anatafuta miwani.