Kuongeza Muda

Karani wa Ardhi ana peni mbili, moja haiandiki.
"Mama Kibwana, hati ya fleti imebakiza miaka minne.
Unaomba mingapi?"

Nazipanda ngazi zile za Chumbageni, ghorofa ya tatu,
tangu mkonge ulipokuwa na bei.
Siku hizi napumzika mara mbili kabla ya mlango.
Goti la kushoto nalo hati yake inakwisha,
na dirisha la kulipia silioni.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
ipo bado mistari ya penseli:
Kibwana, sita. Kibwana, tisa.
Kisha mmoja juu kabisa, aliochora mwenyewe
akisimama kwa ncha za vidole, mwongo yule.
Yuko Maskati sasa. Hupiga simu Ijumaa:
"Uza tu, mama, uje."

Tisini na tisa, nikasema.

Karani akanitazama, akaitazama fomu.
"Kwani una miaka mingapi, mama?"
Sabini na miwili.
Akacheka. Nikacheka. Benchi zima likacheka,
hata yule aliyekuja kushtaki mpaka wa shamba.

Haya, andika, mwanangu.
Shika ile peni inayoandika.