Vyumba Tisa vya Mgiriki

Baba alinunua nyumba ambayo Bibi
hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele.
Alilipa kwa kiinua mgongo cha miaka thelathini na miwili ya reli,
ng'ombe wanne, kiwanja cha Chumbageni,
na deni la benki, ambalo Mama hulisema kwa sauti ya chini
kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Muheza walicheka. Hoza kanunua popo, walisema,
na kweli, popo ndio waliotukabidhi nyumba.
Dari ya ukumbi ilikuwa imepiga magoti,
mchwa wameisoma milango yote hadi ukurasa wa mwisho,
na ndani ya hodhi la kuogea, lile lenye miguu ya simba,
palisimama mpapai, unazaa.

Mimi nilishika daftari.
Chokaa, mifuko arobaini. Misumari. Mbao za mvule, nusu kwa mkopo.
Ujira wa Fundi Mwinjuma, aliyetoka Pangani na mwiko wake mwenyewe
akaikataa saruji kama anavyokataa nguruwe:
"Ukuta huu unapumua. Mnataka kuuziba pua?"
Tukaloweka chokaa shimoni, tukangoja wiki tatu,
Mama akienda kuichungulia kila alfajiri
kama sufuria ya wali wa harusi.

Kihiyo alifyeka upande wa shamba.
Mkonge haukuwa na habari kwamba kampuni imekufa.
Ulikuwa bado umejipanga, safu kwa safu,
miiba juu, vichaka vimeukaba shingo,
ukisubiri filimbi ya mnyapara.
Mwingine ulishatoa mlingoti, ukachanua, ukafia wimawima.
Alirudi jioni mikono imechanjwa, akauliza tu:
"Watu walikata hii kutwa?"
"Majani thelathini, fungu moja," Mama akajibu,
macho hayakutoka kwenye ungo wa mchele.

Kwenye mtoto wa meza tukakuta kitabu cha wageni.
Majina ya Athene, ya Hamburg, ya Nairobi,
wino umekuwa rangi ya chai.
Kuna aliyesifu supu. Kuna aliyelalamikia mbu.
Nilimtafuta mpishi ukurasa baada ya ukurasa:
supu ipo, mkono ulioikoroga haupo.
Baba alitaka kukitia kwenye kioo, kitundikwe mapokezi.
"Kitundike," Mama akasema, "chooni."
Siku mbili hawakusemezana,
na mimi nikawa barua kati yao.

Jumamosi akaja Bibi Chausiku,
juu ya bodaboda, kajishika mwenyewe.
Tulijipanga mlango wa mbele. Baba alikuwa na maneno kayaandaa.
Bibi alitupita.
Akaizunguka nyumba, vidole vikiburura ukutani,
akaramba kimoja: "Chokaa hii imelala vizuri,"
akafika jikoni, akaketi kwenye kizingiti
cha jiwe lililoliwa katikati.

"Hili mmeliachia nini?"
"Tulilisahau," Baba alisema, na huo ulikuwa ukweli.
Fundi Mwinjuma alikwisha kushika mwiko alisawazishe.
"Ole wako! Hapa tulikuwa tunangojea posho,
tuliotoka kuanika, tuliotoka kwenye brashi, vumbi la singa hadi puani.
Hili bonde ni makalio yetu."
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika,
Mama akamletea maji, naye pia akacheka,
kisha hakucheka.

Bibi aliuliza bei ya chumba. Nikamtajia.
"Ghali," akasema, akataka apunguziwe.
Akachagua namba nne, kwa sababu dirisha lake
linatazama zilipokuwa nyaya za kuanikia.

Asubuhi nilimpelekea chai.
Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka kama rula,
sakafu imefagiwa, ufagio sijui kautoa wapi,
na yeye ameketi ukingoni mwa kiti, viatu miguuni,
akisubiri mtu aje kukagua.